Klorini na Chungu cha Nili

Mtu akipewa jina la utani na wenzake wa kazini, ajue limetoka mahali. Bwana wetu huyu aliitwa Klorini, na hakuna mgeni aliyewahi kuuliza kwa nini, maana ukimkaribia hatua mbili tu, pua inakujibu. Alikuwa dobi wa hospitali, mwaka wa thelathini na moja sasa, katika chumba cha chini nyuma ya jiko. Humo mlikuwa na mashine nne za kufulia, mbili nzima na mbili za kubembelezwa, roli ya pasi inayofuka mvuke tangu alfajiri, na meza ndefu ya kukunjia mashuka ambayo mikono ya watu ilikuwa imeilainisha hadi inateleza. Mashati yake yote yalikuwa na vitundu vyenye ukingo mweupe. Mkewe ni fundi cherehani, lakini hata yeye alisalimu amri. Akiziba huku, kesho kumetoboka kule, akawa anawaambia wateja wake kwamba ameolewa na panya.

Kazi ya Klorini ilikuwa kufuta. Doa kwake lilikuwa na jina, ukoo na tabia. Damu ni maji baridi, ole wako uipeleke kwenye ya moto. Chai inataka dawa kali kidogo na subira. Dawa ya vidonda ile ya mafuta ndiyo shetani mkubwa, unaifua, inakuchekea, unaipiga pasi, inarudi na duara lake la njano kana kwamba hamkuonana jana. Na kila doa, liwe la nini, alilisugua kwa kanuni moja: vidole viwili, viduara vidogo vidogo, kutoka nje kwenda ndani. Ukianzia katikati, aliwafundisha waliokuja nyuma yake, unalitembeza. Shuka likishindikana kabisa lilipigwa muhuri, likapelekwa stoo kungoja kuchanwa matambara, na siku hiyo Klorini alirudi nyumbani kanuna, chakula hakipiti.

Sasa tazama ukoo ulivyo na mambo. Dada wa marehemu baba yake, Shangazi, kazi yake ilikuwa kinyume kabisa: alitia nguo nili. Uani kwake, chini ya kibanda cha mabati, kilikaa chungu kikubwa ndani ya sanduku la maranda ya mbao, ili kisishikwe na baridi. Ndani yake mlikuwa na majani ya mnili yaliyochachuka, maji ya majivu na pumba za kukilisha. Chungu kile hakikuwahi kumwagwa tangu enzi za mama yake. Unachota, unaongeza, unakiacha kilale, kinaamka. Harufu yake, tuseme ukweli, ilikuwa ya choo kilichosahauliwa. Shangazi alikisemesha kila asubuhi kwa sauti ya chini, kama mtu anayemwamsha mume mwenye hasira.

Klorini alipokuwa na miaka tisa alichuchumaa kando ya chungu hicho na kuona nguo nyeupe ikizamishwa polepole, bila kutikisa maji, ikatoka ya kijani. Kisha, mbele ya macho yake, upepo ukaigusa na ile kijani ikaanza kugeuka buluu. Alipiga ukelele, akafukuzwa uani kwa fagio. Jambo lile halikumtoka. Maisha yakampeleka upande mwingine, upande wa kufuta, lakini mwenye kupenda hachoki kukumbuka.

Basi mwaka huo goti la Shangazi likakataa kazi. Binti yake akaamua kumchukua aende akaishi naye kwenye nyumba ya ghorofa, chumba kizuri cha chini, ila uani hakuna hata pa kuanika soksi. Chungu hakikuwa na pa kwenda. Mabinti wote walishaziba pua zamani. Shangazi akatangaza, bila chozi, kwamba atahama Jumamosi ya tatu kuanzia leo, na siku hiyo asubuhi chungu kitamwagwa. Klorini alikuwa amekuja kumjulia hali tu, na aliposikia lile neno kumwagwa akaweka kikombe chini.

“Shangazi,” akasema, “nipe mimi.”

Shangazi alicheka hadi akakohoa. “Wewe? Miaka yote hiyo kazi yako kutoa rangi, leo unataka kuitia? Nimpe fisi bucha alinde?”

Lakini Klorini hakuondoka. Alikaa pale mpaka chai ikapoa, akaomba, akaapa, akaomba tena, na mwishowe Shangazi akachoka kumkatalia. Akamwekea masharti. Aje kila siku akitoka kazini, atumie chungu. Kabla ya Jumamosi ya kuhama amletee nguo moja tu, kavu, iliyokamilika, maana yeye haangalii nguo mbichi. Ataikagua kwa kitambaa chake cheupe. Kitambaa hicho alikirithi kwa mama yake pamoja na chungu. Hukilowesha, akaisugua nguo, na kama nili ikitoka hata kidogo ikakichafua, fundi aliyeitia rangi hurudishwa nyumbani na aibu yake. Kwa miaka sitini kilikuwa kimesugua nguo za mafundi wengi, na kila akikifua hurudi cheupe pepepe. Nili ikishika, na nguo ikimgusa moyo, chungu ni cha Klorini. Isipomgusa, kitamwagwa kama kilivyopangiwa.

“Na jambo moja,” Shangazi akamwinulia kidole. “Hiyo dawa yako ya hospitali isije ikakaribia chungu changu. Tone moja kinakufa. Kikifa, mimi na wewe basi.”

Ndiyo maana kila alasiri, kabla ya kugusa mfuniko, Klorini alisugua mikono kwa majivu na limau mpaka ngozi ikamwasha, na Shangazi akamnusa vidole kutokea dirishani kama askari wa forodha.

Juma la kwanza lilikuwa la aibu. Namna ya ukoo ile ni kufunga: unabana nguo kwa ukili vifundo vifundo, penye kifundo nili haiingii, ukifungua unapata nyota nyeupe. Mama yake Shangazi alifunga nyota mia tatu kwenye nguo moja. Klorini alifunga ishirini, kumi na mbili zikafunguka zenyewe chunguni, nane zikatoka kama mayai yaliyopasuka. Mkewe alipoiona nguo aliuliza kwa upole kama imepigwa. Shangazi aliikagua kavu, kitambaa kikabaki cheupe, lakini akapiga mwayo. Nili imeshika, akasema, basi, hata ndoo ingeshika.

Klorini alilala njaa. Si kwamba chakula hakikuwepo, ila kila akitazama sahani aliona chungu kikimiminwa mtaroni. Siku ya kumi nguo nyeupe zikamwishia. Akaenda stoo ya hospitali, akasaini daftari, akapewa mashuka kumi yaliyopigwa muhuri wa kuchanwa. Yalikuwa yamekaa humo miezi, lakini kwa kumwogopa Shangazi aliyalowesha nyumbani siku tatu nzima, akibadili maji asubuhi na jioni, akayaanika juani, akawanusisha watu watatu. Nia yake ilikuwa ndogo tu: kujifunza mkono, na nili iyafunike yale madoa yaliyomshinda. Buluu nzito hufunika mambo mengi.

Na hapo akafanya jambo lililotoka mikononi mwake, si kichwani. Kufunga alikuwa hajui, lakini kukunja, aah, kukunja nani angemfundisha? Akalikunja shuka la kwanza mkunjo wa hospitali: tatu kwa urefu, nne kwa upana, pindo ndani, pembe juu ya pembe, akapitisha ukucha kwenye kila ukingo. Akalibana kati ya vibao viwili. Akalizamisha kimya kimya, akahesabu pumzi zake, akalitoa, akalipumzisha, akalizamisha tena, mara sita. Kisha akalikunjua.

Alisimama pale mdomo wazi. Mikunjo ilikuwa imeacha mistari myepesi iliyonyooka, ikikatana kama madirisha ya wodi. Lakini si hiyo iliyomshangaza. Nili haikuyafunika madoa, iliyatoa nje. Kila mahali palipowahi kumwagika dawa ya mafuta, miaka na miaka ya kufuliwa, bado palikuwa na mafuta yasiyoonekana, na nili ikakataa kuingia. Palibaki weupe wenye ukungu. Penye damu ya zamani pakanywa nili zaidi, pakawa peusi. Duara la kikombe likajitokeza. Na katikati ya shuka, bila mtu kuchora, kukawa na bega, mgongo, na visigino viwili.

“Mbona kimya?” Shangazi akaita dirishani. “Umetumbukia?”

Klorini alilitupa shuka kwenye beseni, akaliweka kichwani, mtu mzima wa miaka hamsini na sita, akatoka mbio. Alikimbia barabara nzima, nili ikimchuruzika shingoni, muuza vocha akimuuliza kama kuna moto, mbwa wakimsindikiza. Akaingia kwenye chumba cha cherehani cha mkewe akitweta, akalitandaza shuka bichi juu ya kila kitu, likiwemo vazi la mteja, na mwanamke yule hakugomba, kwa sababu alikuwa ameshaliona.

Alilizunguka polepole. Akaweka kiganja pale kwenye bega.

“Hapa alilala mtu,” akasema.

“Kitanda cha pembeni,” Klorini akajibu. “Kalalia upande mmoja siku nyingi. Hii dawa ya mgongo. Hiki kikombe aliwekewa kifuani, akashindwa kukishika.”

Mkewe akaketi. Klorini hakuweza kuketi. Alikuwa anazunguka chumba huku anacheka na kufuta macho kwa mikono ya buluu, uso mzima ukaishia kuwa buluu. Miaka thelathini na moja alidhani anafuta, na kumbe hakuna alichofuta. Watu wote wale walikuwa bado wamo ndani ya pamba, wamejinyamazia, wanangoja kuulizwa. Alisema maneno hayo kwa fujo, nusu akirudia, na mkewe akamwambia anawe uso kwanza wateja wasije wakakimbia.

Siku zilizofuata, kama ungemwona, ungesema katupa miaka ishirini. Alikwenda kazini anapiga mluzi. Akajaribu shuka la pili na mkunjo mwembamba zaidi, la tatu na mkunjo wa mshazari. Kwenye la nne alidondosha nta ya mshumaa pale pale ilipokuwa alama ya maji ya dripu, tone moja baada ya jingine, kama ilivyodondoka siku zile. Kwenye la tano alichovya mara kumi na nne hadi likawa jeusi lenye buluu kwa ndani, na visigino tu vikabaki vinang'aa. La sita liliharibika, akalichana. Kila alasiri chungu kikimpa, na kila alasiri akikilisha pumba na kukisemesha. Alianza kuijua tabia yake: povu la rangi ya shaba juu maana yake kiko macho, povu likiwa jeupe kimechoka, kiache. Mkewe akayaunga mashuka tisa mazima yakawa nguo moja, ndefu kutoka sakafuni hadi darini, mshono mweupe, wa wazi, usiojificha.

Alikuwa anamaliza mshono wa mwisho alipoingia dada mmoja, msimamizi wa ukumbi wa sanaa ambao zamani ulikuwa ghala la magunia, kaja kuchukua blauzi yake. Blauzi akaisahau. Alisimama mbele ya nguo ile mpaka mkewe Klorini akamletea kiti. Mwishowe akauliza msanii ni nani, na mwanamke akamwonyesha kwa mkasi mtu aliyekaa kwenye ngazi, miguu kwenye beseni, anatafuna kitunguu.

“Msanii gani,” Klorini akasema. “Mimi dobi.”

Dada huyo alieleza haraka haraka, macho hayatoki kwenye nguo. Walikuwa wanafungua maonyesho Ijumaa, kazi za watu wanaochukua ufundi wa kale na kuupeleka pengine. Mmoja amejitoa, ukuta mkubwa wa mbele uko mtupu. Klorini alimtazama mkewe, mkewe akamtazama yeye. Ijumaa! Siku moja kabla ya Shangazi kuhama. Shangazi angeiona nguo hiyo mara ya kwanza ikiwa ukutani, mbele za watu, na hapo hapo aikague. Ilikuwa ama chungu ama aibu ya mji mzima. Lakini maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Akakubali kabla kitunguu hakijaisha.

Sasa tufike Alhamisi, siku ambayo nikiikumbuka natamani kumzaba kofi.

Ilikuwa siku yake ya mapumziko. Nguo ilikuwa imetundikwa uani kwake, kavu, jua la asubuhi linapita ndani yake, na Klorini anaizunguka na kikombe cha chai mkononi akijisemesha. Furaha ilimjaa hadi akawa anapiga hatua za dansi. Katika kuzunguka kule, chai ikaruka. Tone moja. Likatua shuka la tano, penye kisigino cheupe.

Nguo yenye madoa mia, iliyopendwa kwa madoa, na yeye akakereka na tone la chai. Wala hakufikiri. Mkono ulikwenda wenyewe hadi kwenye kabati la kufulia, ukashika chupa ya klorini, ukalowesha pamba. Vidole viwili, viduara vidogo vidogo, kutoka nje kwenda ndani, huku anapiga mluzi. Chai ikatoka. Akatabasamu. Kisha nili iliyozunguka kisigino nayo ikaanza kutoka, ikawa kijivu, ikawa njano, ikawa nyeupe, na mluzi ukakatika.

Alimwagia maji ndoo baada ya ndoo. Yalipotulia, palikuwa na shimo la weupe ukubwa wa sahani, katikati ya buluu nzito kuliko zote, lina viduara ndani yake. Kuchamba kwingi, mwisho wake unaujua.

Mkewe alitoka akamkuta kakaa chini kwenye tope. Hakumsuta. Wanawake wengine wangesema, huyu alisema tu kwamba nili iliyotoka inaweza kurudi, si chungu kipo? Klorini akaruka. Ndiyo! Kuchovya pembe ile tu, mara kumi, na weupe umekwisha. Akaikunja nguo ndani ya beseni, akakimbia tena barabara ile ile, mbwa wale wale.

Shangazi hakuwepo, alikuwa amekwenda kwa binti yake kupima mapazia. Uani palikuwa kimya. Klorini akafungua mfuniko. Povu lilikuwa la shaba, limetanda vizuri, chungu kiko macho kuliko siku zote. Akainua pembe ya nguo. Na hapo mikono yake, ile ile iliyomharibia asubuhi, ikakataa kushuka.

Alijua. Nani angejua kama si yeye? Pamba ikishaonja klorini inaishika; inataka siku tatu za maji na jua ndipo iiachie, na yeye alikuwa na siku moja. Huenda chungu kingevumilia. Huenda kisingevumilia. Kama kingekufa, kisingekufa leo wala kesho. Kingezimika taratibu, povu jeupe, kisha hakuna povu. Kesho Shangazi angeona nguo isiyo na kasoro, angemkabidhi chungu, na yeye angekuwa amerithi maiti. Wala asingejua mtu. Alisimama pale na pembe ya nguo mkononi kwa muda mrefu, anaitaka nguo, anakitaka chungu. Kisha akairudisha pembe kwenye beseni, akasogeza beseni mbali, akanawa kwa majivu na limau, akakipa chungu ngumi moja ya pumba na kukifunika.

Nyumbani alimwambia mkewe kwamba nguo inakwenda hivyo hivyo, na kwamba, Shangazi akiunusa weupe ule, chungu kimekwenda na maji. Mkewe aliitandaza tena, akauangalia ule weupe wenye viduara.

“Madoa haya mengine yote ni ya wagonjwa,” akasema. “Hili ni lako.”

Ijumaa ghala lilijaa. Ukuta wa mbele ulikuwa buluu kutoka juu hadi chini, na watu waliokuwa wakiongea mlangoni walinyamaza wakiufikia. Wauguzi wawili wa zamu ya asubuhi walikuja na sare zao. Mmoja akaanza kutaja vitanda kwa namba, akafika cha nne, akashindwa kuendelea. Klorini, ndani ya shati jipya lisilo na tundu hata moja, hakujua mikono aiweke wapi. Watu walimpa mikono, walimwuliza maswali, na macho yake hayakubanduka mlangoni.

Shangazi akaingia na fimbo yake. Watu wakampisha. Alitembea mbele ya nguo kutoka mwanzo hadi mwisho, akarudi, akatembea tena. Klorini alimwona akinyoosha kidole na kufuata mstari wa mkunjo, kisha bega, kisha visigino. Alipogeuka, macho yalikuwa na maji.

“Sisi tulifunga nyota,” akasema. “Sisi tulitia nili ili mtu asahau nguo ilikuwa ya nani.”

Hakusema ni vizuri, hakusema ni vibaya. Akatoa kitambaa cheupe mkobani, akakilowesha kwa maji ya chupa, akaisugua nguo pale ilipokuwa nzito kuliko zote. Watu wakasogea kutazama. Akakigeuza. Kilikuwa cheupe. Klorini akajikuta anaanza kucheka.

Ndipo Shangazi akauona ule weupe wa ukubwa wa sahani. Akainama. Akanusa. Uso wake wote ukabadilika. Akamshika Klorini mkono, akaunusa nao.

“Chungu kikoje?” akauliza kwa sauti ndogo.

“Kizima, Shangazi. Nguo haikurudi chunguni.”

“Mdomo hauna povu. La chungu nitaliona mwenyewe,” akasema Shangazi, na akageuka akaelekea mlangoni.

Aliondoka, bibi wa miaka sabini na nane, goti limesahau kuuma, fimbo inagonga lami. Klorini akamfuata. Nyuma yao yule dada wa ukumbi alikuwa ameshika kipaza sauti anamwita mbele aseme machache, akamwita mara mbili, mara tatu, mkewe akaenda kusema badala yake. Njia ya dakika kumi waliimaliza kwa tano. Klorini alijua kwamba sasa hata yeye hana hakika. Je, kama tone lilidondoka wakati ule alipoinua pembe? Alijaribu kukumbuka, akashindwa, akaongeza mwendo.

Uani Shangazi akatupa fimbo, akaondoa mfuniko. Povu lilikuwa la shaba. Akainama akalinusa. Haikumtosha. Akachukua kile kitambaa cheupe, kitambaa cha mama yake, ambacho kwa miaka sitini hakikuwahi kuingia chunguni, akakishusha polepole bila kutikisa maji, mkono hadi kwenye kifundo, midomo ikihesabu. Klorini akahesabu naye. Kikatoka. Kilikuwa cha kijani, kijani cha jani changa, na wote wawili wakakiinamia kama watoto. Pembe moja ikageuka. Kisha ukingo. Kisha buluu ikakimbia ikakimaliza chote.

Shangazi alitoa sauti ambayo si kicheko wala si kilio, akakaa juu ya sanduku la maranda.

“Nilidhani umeniulia,” akasema.

“Ningeichovya, nguo ningeiokoa, Shangazi. Chungu nisingekiokoa.”

Shangazi akasimama. Kisha akakikamua kitambaa, akamnyooshea. “Kichukue. Cha kukagulia tafuta kingine cheupe, wewe cheupe huwezi kukosa. Na kesho asubuhi uje na lile toroli la mashuka, lenye magurudumu ya mpira. Tukifikishe kwako kabla hakijaamka.”

Klorini akakipokea kwa mikono miwili. Kilikuwa bado kinachuruzika, nili ikamtiririkia vidoleni, ikapita kiganjani, ikaingia kwenye mkono wa lile shati jipya hadi kwenye kiwiko, naye hakujifuta.